Bolti Iliyokazwa kwa Bomba

Bolti ikishalika pembe inakuwa mviringo kama kifungo cha shati, na spana inateleza tu juu yake. Hii ilikuwa inashikilia kalipa, kile chuma kinachobana breki, gurudumu la mbele kushoto, kwenye lori la binti yangu. Breki zilikuwa zimeisha hadi chuma. Nisipoing'oa, mpya haziingii, na mzigo ulishapakiwa, saa sita lazima aondoke, na barabara yake ni mteremko mtupu. Nilimwambia aahirishe, akakataa. Ubishi huo kautoa kwa mama yake, mimi simo.

"Fundi gani kaikaza hivi?" nilifoka kutoka chini ya lori. "Huyu hana mikono, ana kwato!"

"Usimtukane mtu humjui, baba," alijibu, huku akipiga miayo.

Nikaimwagia mafuta ya taa, nikalala chali kusubiri yapenye. Turubai la gereji lilikuwa likipanda na kushuka kwa upepo, mwanga ukiingia na kutoka. Sijui usingizi ulinipitia saa ngapi. Niliona bolti ikifunguka yenyewe, polepole, haiishi, inazidi kuwa ndefu, na lori linaelea juu yangu, jepesi kama shuka iliyoanikwa. Binti yangu alikuwa ndani, wa miaka minne, amejikunja kwenye kiti cha dereva. Nilinyoosha mkono nimshike, lori likazidi kupanda.

Tone la mafuta likanidondokea usoni, nikaamka. Uchafu ulikuwa umeoshwa, na chini yake kulikuwa na mstari mdogo wa rangi nyeupe, nusu kwenye bolti, nusu kwenye chuma.

Hapa gereji ni mimi tu ninayetia alama hiyo, kwa kila bolti niliyoikaza mwenyewe. Nikaikumbuka siku ile, safari yake ya kwanza peke yake. Kwa wateja nakaza kwa spana tupu. Kwake yeye nilichomeka bomba refu kwenye spana, nikakaza hadi magoti yakatetemeka, nikakaza tena.

"Mbona kimya?" akauliza. "Umempata mwenye kwato?"

"Nimempata. Ni mimi. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Kila ukiondoka naogopa."

Hakucheka. Aliniletea mashine ya kuchomelea. Nikachomelea nati juu ya kichwa kilicholika, kikawa chekundu, tukaacha kipoe, kisha nikavuta. Ikalia mara moja, halafu ikaja taratibu, kama ile ya ndotoni.

Breki mpya zikaingia. Kufika kwenye kukaza bolti mpya, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye bomba. Akaniwahi. Alishika spana tupu kwa mikono miwili, akakaza, akaishia pale panapotosha.

Nikampa brashi ya rangi. Akatia alama mwenyewe, akapanda, akaondoka saa sita kasoro. Nilibaki getini na bomba mkononi, sina cha kukaza.