Mafuta ya Mtego

Mwaka ule kila kitu cha serikali kilikuwa kinauzwa, na maabara yetu ya mifugo pale Themi nayo ilikuwa inatafutiwa mnunuzi. Mtu wa wizara alisema: tuonyesheni jambo moja la maana kuhusu ndigana, ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe, ifikapo Ijumaa, tuwatetee. Jambo hilo nilikuwa nalo mimi, Aika, kwenye kichupa kimoja kilichofungwa karatasi ya foili.

Humo mlikuwa na mafuta yenye mtego. Unazilisha mafuta hayo seli za ng'ombe zenye kimelea cha ndigana. Ukizimulika kwa mwanga mkali, wa taa au wa jua, mafuta yanainasa protini yanayogusana nayo na hayaiachii tena. Hapo unaijua protini inayompokelea kimelea mafuta, na unajua pa kumkaba. Lakini lazima sahani moja ibaki gizani, ya kulinganishia. Bila hiyo huna ushahidi, una maneno tu.

Nikalisha seli kwenye sahani zote, nikashusha pazia zito. Umeme ulikuwa wa mgawo, taa ya kumulikia haiwaki. Nikazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kukaa sikuweza.

Mlango ukafunguka. Mzee Aminieli, mkuu wetu wa utawala, alikuwa na wageni wawili wa wizara.

"Aika mwanangu, mgeni hakaribishwi gizani!" Akavuta pazia.

"Mzee, usi—"

Jua la Januari likamwagika juu ya meza nzima. Nilipiga kelele ambazo binti aliyelelewa hampigii mzee. Wageni wakatazama viatu vyao. Aminieli, maskini, alikuwa ameshaanza kuulizia chai.

Kichupa kilikuwa kimeisha, sikuwa na mafuta ya kurudia. Nikaendelea na kazi kwa hasira, nalala na kuamka nayo. Ijumaa filamu ya kupigia picha protini zilizonaswa ikaonyesha mstari mmoja, mweusi, safi, katika sahani zote, hata ile ya giza.

"Mungu ni mwema!" Aminieli aliruka. "Waambie ndiyo hiyo!"

"Sahani ya giza iliona jua, mzee. Huenda ni protini yenyewe, huenda mafuta yamejishikiza ovyo tu."

"Wewe unaamini nini?"

"Naamini ni yenyewe."

"Sasa shida iko wapi, mwanangu?"

Mtu wa wizara akaingia, hata hakukaa. "Mmepata?"

Aminieli alinikodolea macho ya mtu anayeomba.

"Bado hatujui," nikasema. Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililouza maabara.