Boksi la Mabuti

Ua la mama mkwe wangu halikutaka huruma. Majani yake manene yalikuwa na akiba yake ya maji, na ukilimwagilia kwa mapenzi tu, linaoza. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, asubuhi aliyokwenda hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga.

"Lifunike boksi kila jioni saa kumi na mbili, ulifunue saa mbili asubuhi. Bila giza refu halichanui. Maji kikombe kimoja kila wiki mbili. Nikirudi nilikute jekundu, mwanangu."

Mwanangu! Miaka minne nimekaa nyumba ile naitwa "huyu".

Nikalifunika kwa boksi la mabuti ya mume wangu. Kiwandani tunakoshona sare nilikataa kazi za jioni, asubuhi nikachelewa, mpaka msimamizi akanibandika jina la Bibi Maua. Wifi yangu, tunayeishi naye humo humo, alicheka akajishika mbavu.

"Wifi, umelifunga jela? Limeiba nini?"

"Linalala."

"Mnyimi wewe! Maji unalinyima, mwanga unalinyima. Sijui kaka yangu anakula nini."

Wiki ya sita vitumba vikatoka, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Siku hiyo hiyo tukapigiwa simu: kidonda cha Mama kimetunga usaha, anatakiwa mtu wa kumgeuza na kumwinua. Wifi harufu ya hospitali haiwezi. Nikaenda mimi, siku tisa.

"Boksi tu," nilimsihi Wifi mlangoni. "Maji usiguse kabisa."

Tuliporudi na Mama, shina lilikuwa limelainika, ukiligusa linabonyea. Vitumba vilikuwa vinaelea kwenye kisahani kilichojaa maji.

"Nililinywesha asubuhi na jioni!" Wifi alikuwa analia kweli. "Lakini lilishateswa, Mama. Wiki sita gizani, ndani ya boksi la viatu! Muulize kaka."

Mume wangu ghafla akapata jambo la maana kwenye simu yake.

Nikamtazama Mama. Maneno matatu kutoka kwake yangetosha: "Mimi ndiye niliyemwagiza." Alimtazama bintiye akifuta kamasi kwa kiganja, akanitazama mimi, kisha akahangaika kuegemeza mkongojo wake ukutani, kama vile ukuta ulikuwa unakimbia.

"Ua ni ua tu," akasema mwishowe. "Nyumba yangu sitaki kelele. Muombe wifi yako radhi, yaishe."

"Huyu?" Wifi akafyonza. "Huyu ajue kuomba radhi?"

Mgongo bado ulikuwa unaniuma kwa siku tisa za kumwinua. Nikachukua boksi pale dirishani, nikayarudisha mabuti ndani, moja baada ya jingine, nikafunga kifuniko.

"Siombi," nikasema. "Leo siombi, Mama, na kesho msiniulize."