Majina Mapya ya Njia

Dada mtu alikuwa amehangaika na kazi ile wiki tatu nzima, na asubuhi alipoimaliza aliingia ofisini akipiga mluzi. Mdogo wake, ambaye nyumbani na kazini aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alifurahi kumwona hivyo.

"Haya, mkaguzi," dada akasema. "Ijaribu, uniambie kama utapata pa kushika."

Wote wawili walitunza programu ya kuigiza kompyuta. Mashine moja halisi ya chuma iliweza kubeba kompyuta ishirini za kuigiza, kila moja na diski zake na kadi yake ya mtandao, vyote vimechomekwa kwenye njia za kupitishia data. Kasoro ilikuwa kwamba njia mbili ziliweza kupewa jina moja. Mteja akiagiza diski yake ichomekwe njia ya pili, inakwenda ya kwanza. Dada alichoshwa na malalamiko, akazipa njia zote majina mapya, kila moja na lake.

Kitinda akajaribu. Kompyuta mpya ziliwaka bila shida. Kisha akachukua moja iliyowashwa kwa programu ya zamani na kuihamishia kwenye mashine yenye programu mpya, hivyo hivyo ikiwa kazini, bila kuizima. Ikagoma. Data zake zilifika zimeandikwa majina ya zamani, na kwenye programu mpya hapakuwa na njia inayojulikana kwa majina hayo.

Akarudia mara nne, akiomba kosa liwe lake. Dada huyu ndiye aliyemfundisha kazi hii, kwenye meza ya kulia chakula, na hakumkaripia hata siku alipomfutia faili zote. Atamwanzaje?

"Mbona kimya? Ukinyamaza wewe, kuna jambo."

"Dada, usinune."

"Nimeshaanza. Sema."

Kitinda akamgeuzia kioo cha kompyuta. Dada akasoma, akainuka, akaenda kusimama dirishani na kuwapa mgongo watu wote ofisini.

"Wiki tatu," akasema. "Na wateja wenye kompyuta za zamani ni wangapi?"

"Karibu wote. Kuna mmoja yake haijazimwa mwaka wa sita huu."

Dada akajikaza, lakini kicheko kikamponyoka.

Kitinda akapata moyo. "Majina yako hatuyatupi. Kila kompyuta inabeba namba ya toleo la programu ililoanzia. Za zamani tuziachie majina yao, mapya zipewe kompyuta mpya."

"Na kasoro ibaki humo?"

"Ibaki. Wenyewe wameshaizoea, wamejua pa kuikwepea."

Dada akavuta kiti. Wakakaa bega kwa bega, mmoja akiandika, mwingine akimdaka kila alipokosea, wakibishana na kuchekana. Alasiri wakaihamisha tena ile kompyuta. Ikavuka. Saa iliyokuwa ikihesabu ndani yake haikuruka hata sekunde moja.

Dada akampigia mama yao simu papo hapo.

"Mama, huyu mwanao leo ameikataa kazi yangu."

"Mmegombana?" mama akashtuka.

"Hatujagombana. Ningewaharibia watu kazi zao, mama. Ameniokoa."

Kitinda akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, na alikaa huko muda mrefu kuliko kalamu yoyote inavyostahili kutafutwa.