Shavu la Bwana Grabski

Asubuhi ya Jumanne muuguzi Rosalba Quintero alilibonyeza shavu la Bwana Casimir Grabski kwa kidole, akaliachia, akatazama. Palipobonyezwa palipauka, kisha damu ikarudi na rangi ya waridi ikatanda tena. Akaweka juu yake kidude cha kusikilizia damu, na chumba kikajaa mlio wa mshipa unaopiga, fyuu, fyuu, fyuu. Akaridhika, akafungua pazia ili mgonjwa aone theluji ikiangukia maegesho ya magari, maana Milwaukee mwezi wa Februari hakuna kingine cha kumwonyesha mtu dirishani.

Shavu lenyewe hadi wiki iliyotangulia lilikuwa mguuni. Saratani ilikuwa imekula taya la Bwana Grabski upande wa kushoto, hivyo madaktari walilikata, wakachukua mfupa wa mguu pamoja na nyama na ngozi yake, wakaujenga uso upya na kuiunganisha mishipa ya damu chini ya darubini kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Wodini kitu hicho kinaitwa kipandikizi, na siku za mwanzo huchungwa kama maziwa jikoni.

Profesa Annelise Brandvold, mkuu wa kitengo cha upasuaji wa kurekebisha maumbile, alifika na msafara wake wa kila siku: madaktari walio mafunzoni mbele, wanafunzi nyuma, na mmoja wao ameficha kikombe cha kahawa mahali ambapo kila mtu alikiona. Profesa alipovuka kizingiti, shavu likawa jeupe kama unga. Mlio ukakatika.

Katika kazi hiyo hakuna la kutisha zaidi. Kipandikizi kikikosa damu kwa saa chache kinaoza, na mgonjwa anarudi mezani akiwa na mguu uliokwisha kuchimbwa na uso ulio wazi. Profesa hakupoteza muda. Alitoka kwenda kuagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe, na kabla hajaifikia simu Rosalba akamwita.

"Daktari, acha kwanza. Damu imerudi."

Akarudi kuangalia. Shavu likapauka.

"Hebu toka tena."

Akatoka. Fyuu, fyuu, fyuu.

"Ingia."

Kimya.

"Basi ni wewe," alisema Rosalba, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu kwamba mpira wa mkojo umeziba. "Kaa huko huko mlangoni, Daktari. Ukitaka kujua kitu niulize, mi nitakuangalizia."

Msafara ukahamia koridoni. Ndani alibaki Daktari Everett Dahlke, ambaye alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa mafunzo. Alipoinama kukagua mshono, shavu liliiva likawa jekundu kama la mtoto aliyetoka kucheza nje kwenye baridi, na joto lake likapanda hata Bwana Grabski akafumba macho kwa raha. Everett alijivuta nyuma, akatazama sakafu. Wanafunzi waliandika kwamba kipandikizi kina afya nzuri.

Profesa alijua sababu. Hakuhitaji kuambiwa.

Bwana Grabski alikuwa ameendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi, na kila Ijumaa jioni alipiga tarumbeta katika ukumbi wa parokia, watu wanapokula samaki wa kukaanga na kucheza dansi ya polka. Alipoambiwa ana saratani hakuuliza kama atakufa. Aliuliza kuhusu mdomo.

"Daktari, uso huu hata kabla ya ugonjwa haukuwa wa kuuza," alisema siku ile kliniki. "Ukitoka umepinda, mke wangu kashazoea mabaya. Ila huu mdomo wa chini. Niachie huu."

Profesa alimweleza kwamba mdomo wa chini unaendeshwa na neva nyembamba inayopita ukingoni mwa taya, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeishughulikia.

"Kwa mikono yako?" aliuliza mkewe, Bernadine.

"Kwa mikono yangu," alijibu, akaiinua wakaiona. Wakati anasema hivyo alimaanisha, na hilo nalo lisemwe.

Lakini hospitali ya kufundishia ina taratibu zake. Profesa huwa na vyumba viwili vya upasuaji kwa wakati mmoja. Daktari aliye mafunzoni anafungua huku, profesa anamalizia kule, na kanuni inasema profesa lazima awepo kwenye sehemu muhimu za upasuaji. Sehemu ipi ni muhimu, anaamua profesa. Mgonjwa kalala, hana la kuongeza. Siku ile katika chumba cha pili alikuwepo mke wa tajiri aliyeijengea hospitali jengo zima la mashariki, amekuja kupunguzwa ngozi iliyolegea juu ya macho. Everett alipofika chini ya taya alituma mtu: "Mwambie Profesa nimefika kwenye neva." Profesa alikuwa kwenye jicho la kushoto, na lile la kulia lilikuwa limetoka vizuri mno, akataka yalingane. "Nakuja," alisema. "Aendelee polepole."

Everett aliendelea polepole. Alikata polepole. Uzi mweupe alioudhani ni utando tu ndio ulikuwa neva, na ncha zake zilijivuta ndani ya nyama, akazitafuta asizione. Baada ya hapo hakumwita mtu tena. Alichonga mfupa peke yake, akaunga mishipa ya damu peke yake, akashona. Profesa alikuja mwishoni, akachungulia kwenye darubini, akasema, "Safi sana." Ndipo Everett akamwambia kwamba ameikata neva. Profesa akavua glavu zisizokuwa na hata tone la damu, akaenda kumwona Bernadine.

"Uvimbe ulikuwa umeikumbatia neva," alimwambia. "Hatukuwa na jinsi."

Bernadine aliishika ile mikono, akaibusu.

Wiki iliyofuata vipandikizi vingine navyo vilianza. Mama mmoja aliyejengewa titi kwa nyama ya tumbo lake aliona linakuwa la buluu kila profesa wake anapokuja kumsalimia. Mwanamume aliyeungua mkono kiwandani alilazimika kuuficha chini ya blanketi kila alipokuja daktari wake, aliyesaini karatasi zake zote za upasuaji. Alikuwepo profesa mzee ambaye vipandikizi vyake havikubadilika rangi hata kimoja, na wenzake walisema ana bahati. Uongozi uliitisha kikao. Kikao kiliamua utepe wa manjano ubandikwe sakafuni katika kila mlango wa wodi ile, na maprofesa wasiuvuke. Katika kikao hicho hakuna aliyeuliza kwa nini, na chakula cha mchana kilikuwa kizuri.

Profesa Brandvold aliufurahia utepe ule, na furaha hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Roho ilimsuta akiwa anaendesha gari, ikamsuta akiwa mezani na mumewe. Alikuwa amedanganya watu wawili waliomwamini, na sasa ilikuwa ni kwa faida ya mgonjwa asimkaribie. Hata yeye mwenyewe asingeweza kutunga kisingizio kizuri kama hicho.

Bwana Grabski alipotolewa mpira wa kupumulia na kuanza kuongea, mate yalimtoka upande wa kushoto, maana mdomo pale ulikuwa umekufa. Neno lake la kwanza lilikuwa la kuomba bia. La pili lilikuwa juu ya daktari wake.

"Mbona simwoni? Nimemkosea nini?"

Bernadine alitoka hadi kwenye utepe. "Daktari, njoo basi. Anadhani umemchukia. Mimi nimemwambia una shughuli nyingi, lakini huyu akishashika neno lake, ndo basi tena."

Profesa alipiga moyo konde. Alimwomba Everett akae karibu na kitanda na kuweka kiganja juu ya shavu, Rosalba asimame na kidude chake, kisha akauvuka utepe. Shavu lilianza kupauka pembezoni.

"Bwana Grabski," alisema, "nimekuja kukwambia kitu. Siku ya upasuaji wako sikuwepo."

Rangi ilirudi. Ilikuja kwa kasi chini ya vidole vya Everett, nyekundu kuliko walivyowahi kuiona, na mlio wa mshipa ukasikika chumba kizima kabla Rosalba hajakiweka kidude. Rosalba alishusha mabega. Everett alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja sindano na kuitaka. Kazi ilikuwa nyepesi kiasi hicho. Zilibaki sentensi mbili.

"Hukuwepo wapi?" aliuliza Bernadine.

Profesa alimtazama Everett, ambaye alikuwa ameshapata kazi katika mji wa Duluth na mkewe alikuwa mjamzito. Aliwafikiria wanasheria wa hospitali. Alilifikiria jengo la mashariki. Angependa kusema kwamba alichofanya alikifanya kwa ajili ya Everett, lakini haikuwa hivyo. Alijihurumia mwenyewe.

"Sikuwepo ulipozinduka," alisema. "Nilipaswa niwepo. Samahani sana."

Shavu likawa jeupe lote kwa mara moja, na baridi yake ikamfanya Everett aondoe mkono bila kutaka.

"Ah, hilo tu?" alisema Bwana Grabski, akijifuta mate kwa kitambaa. "Nilikuwa nalia kama ndama. Afadhali hukuniona."

"Daktari," alisema Rosalba, "toka sasa."

Akatoka. Everett hakutoka. Alirudisha kiganja chake pale, akakaa nacho mpaka rangi ikarudi, wala hakusema neno, siku ile wala siku nyingine.

Theluji iliyeyuka. Everett alihamia Duluth. Vyumba viwili viliendelea kuwa viwili, na utepe wa manjano ulipochakaa ukabandikwa mpya. Bernadine alimwalika Profesa kwenye samaki wa Ijumaa, akakataa, akamwalika tena, akakataa. Mwishowe alikwenda kwa sababu alikosa uongo mwingine wa kutoa.

Ukumbi ulikuwa na joto na harufu ya mafuta. Watu walipanga foleni ya samaki, kabichi na chapati za viazi. Jukwaani palikuwa na kodiani, ngoma na klarineti.

"Alijaribu siku ya Pasaka," alisema Bernadine, akimpokea koti. "Upepo wote unatokea pembeni. Akalipeleka tarumbeta darini mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Siku hizi anagawa viazi. Twende, atafurahi kukuona."

Bwana Grabski alikuwa nyuma ya meza ndefu, amevaa aproni. Alipomwona Profesa shavu lake liliota weupe, na watu waliokuwa karibu naye kwenye foleni wakasogea, kwani walilijua.

"Huyo ndo daktari wake," bibi mmoja alimwambia mwenzake.

"Eeh, ndiye. Ona lilivyo." Kisha akaomba mkate mweusi vipande viwili.

Bwana Grabski alimkabidhi mtu kijiko, akaja na sahani iliyojaa, akamketisha Profesa kwenye meza karibu na dirisha. Naye akakaa mbele yake, akalifunika shavu kwa kiganja cha kushoto, akaegemea kiwiko.

"Kaa kwa raha, Daktari. Nimelishika," alisema. "Likipoa sana linauma mpaka sikioni, lakini nikiliwekea mkono linavumilika. Wewe kula."

Profesa alichukua uma.

"Hawa wote nimewaambia," aliendelea, akionyesha ukumbi kwa mkono wa kulia. "Nimewaambia, yule mama aliupigania mdomo wangu kwa mikono yake mwenyewe. Ulishindikana, lakini aliupigania. Si kila mtu anapata daktari wa namna hiyo."

Weupe ulipita katikati ya vidole vyake. Profesa alifungua kinywa, akakitia samaki. Samaki alikuwa wa moto, mkavu nje na laini ndani, ametiwa limau. Bernadine alikuja kuuliza kama aongezewe viazi, naye akasema ndiyo, kidogo. Bendi ilianza wimbo mwingine, mahali pa tarumbeta pakapita patupu, na Bwana Grabski akabadilisha mkono, maana ule wa kwanza ulikuwa umekufa ganzi kwa baridi.