Meno Kumi na Tatu

Pikipiki ilikuwa moja na wenyewe walikuwa wawili, na wote wawili vichwa vigumu. Marehemu baba yao aliiacha bila kusema ni ya nani. Mama yao, ambaye hakutaka kelele ndani ya nyumba, akakata shauri: asubuhi ni ya dada, mchana mpaka jioni ni ya mdogo wake, na asije mtu kumlilia.

Yule dada watu walimwita Mama Maji. Alikuwa akipandisha madumu ya maji kwenye nyumba za mlimani ambako bomba halifiki, mawili kulia, mawili kushoto, kwenye njia ya mawe iliyosimama utadhani ngazi. Mdogo wake waliyemwita Mwendo, kwa sababu tangu utotoni miguu yake haikujua kutulia, alikuwa mpeleka vifurushi. Njia yake ilikuwa lami tupu, tambarare, mpaka mji wa pili.

Sasa mlima na lami havitaki pikipiki ya namna moja. Mlimani ilikuwa ikimfia Mama Maji mikononi. Akiachia klachi, injini inakohoa na kuzima. Akiibanabana, klachi inanuka kuungua. Fundi mmoja akamwonyesha sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. "Hii ina meno kumi na tano," akasema. "Weka ya kumi na tatu. Mbio za huko mwisho utazikosa, lakini kuondoka, mama, itaondoka kama imeumwa na nyuki."

Akaweka. Kesho yake ikapanda na madumu yote kama imebeba pamba, na Mama Maji akacheka peke yake mpaka kileleni. Wala hakumwambia mdogo wake kitu. Atagundua mwenyewe, alijisemea.

Mwendo akagundua. Jioni ile aliingia uani uso umekunjika, shati limechafuka tope upande mmoja.

"Dada, umeifanya nini pikipiki? Inalia kama inachinjwa na haiendi!"

"Mlima huujui wewe."

"Na wewe lami huijui!"

Asubuhi Mama Maji akakuta ya kumi na tano imerudi mahali pake. Akaitoa. Mchana Mwendo akairudisha. Basi ikawa ndiyo kazi yao, huyu anafungua, yule anafunga, hakuna anayemuaga mwenzake. Dada akaificha sproketi kubwa kwenye kopo la sabuni. Kaka akaficha spana zote. Mwendo akafika hadi kulitupa kabisa lile kava linalofunika sproketi, ili asipoteze muda kulifungua. Mama yao akatazama, akatikisa kichwa. "Mtaimaliza hiyo pikipiki kwa kuifungua," akasema, "halafu mtanigeukia mimi mnifungue."

Siku moja Mama Maji aliamka, akachuchumaa kando ya pikipiki, spana mkononi, akakuta ya kumi na tatu imeshafungwa. Hakuamini. Akahesabu meno kwa kidole. Kumbe amelainika, akawaza, na moyo wake ukalainika kidogo nao. Akafunga madumu, akaondoka.

Katikati ya mlima, pale penye mawe makubwa, alisikia kishindo chini ya mguu, kisha injini ikapiga ukelele bila kuvuta. Pikipiki ikasimama. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Akakamata breki za mbele, akakanyaga za nyuma, lakini madumu yalikuwa yameshaamua safari yao. Nyuma yake walikuwa wakipanda watoto wa shule, foleni nzima, na wale wa mbele walikuwa wameshaanza kukimbia huku na huku. Alichofanya hakukifikiria. Alikata usukani kuelekea mtaroni, akaangukia humo pamoja na chuma na maji.

Watu walipomtoa, kifundo cha mguu kilikuwa kimeshafura. Madumu mawili yalikuwa yamepasuka na maji yakiteremka njia nzima. Hakulia. Aliinama, akatazama. Sproketi ilikuwa imechomoka kwenye mhimili wake na cheni imejisokota. Kile kibati kinachoizuia isitoke kilikuwa kinaning'inia. Kilitakiwa kukazwa kwa bolti mbili. Ilikuwepo moja, nayo imelegea.

Damu ikampanda kichwani mpaka masikio yakavuma.

Akaiacha pikipiki kwa mwenye duka mmoja pale njiani, akaenda kwa mguu mmoja na nusu hadi ofisi ya vifurushi, ambako Mwendo alishinda asubuhi akipanga mizigo. Karani aliyekuwa mlangoni akamwambia asubiri. Akampita kama kiti.

"Bolti ya pili iko wapi?"

Mwendo akageuka na boksi kifuani. Akaona nguo zilizolowa, akaona mguu. "Dada, umefanyaje?"

"Nimekuuliza bolti!"

"Ilikuwa imekwisha meno, haikazi. Nikaweka moja."

"Moja! Ukaniachia niende nayo mlimani! Kulikuwa na watoto nyuma yangu, wewe mtu! Watoto! Ungeenda kuwaambia nini mama zao?"

"Mama ndiye kanilazimisha nikurudishie hiyo takataka yako. Nikakurudishia. Ulitaka na maua?"

Mkono wa Mama Maji ulimtangulia. Kofi lile lilisikika hadi kwa karani, na boksi likadondoka. Mwendo hakuinua mkono. Alikunja mkono wa shati, akamwonyesha kiwiko chenye kovu refu, jekundu bado.

"Unaliona? Siku ile uliyobadilisha bila kuniambia, nilikuwa nalipita lori. Nimevuta mafuta mpaka mwisho, na pikipiki imefika ukomo wake, haiongezi hata kidogo. Mbele basi linakuja. Niliingia porini, dada. Nikalala kwenye tope najishika kama bado nina miguu. Nilikuja nyumbani, wewe ukaniambia mlima siujui."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Mama Maji alikuwa amekuja na hasira nzima, ya haki, ya kumtosha mwezi, na sasa nusu yake ilikuwa inamgeukia yeye mwenyewe. Hilo likamkasirisha zaidi. Angalau angemwachia hasira yake!

"Ugomvi wa nyumbani upelekwe nyumbani," karani akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo.

"Nyamaza!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Mama yao aliwasikiliza ukumbini, mguu wa binti yake ukiwa ndani ya beseni la maji baridi. Walimweleza kila kitu, wakikatizana, na kila mmoja akimwita mwenzake muuaji. Aliposikia habari za watoto wa shule, kisha za basi, uso ukamwiva.

"Nilizaa watu au nilizaa mawe?" akauliza. "Kila mmoja kamtegea mwenzake kifo, halafu mnakuja kwangu mnataka niseme nani ana haki. Hakuna! Kuanzia mguu ukipona, hiyo sproketi haiguswi na mtu mmoja. Adhuhuri mtakutana hapa uani, mtaibadilisha wote wawili. Jioni hivyo hivyo. Atakayefungua peke yake, pikipiki ameiaga. Na bolti mpya nitakwenda kununua mimi, kwa sababu nyinyi siwaamini."

Wakatii, kwa kununa. Mguu ulipopona, wakawa wanakutana uani jua likiwa utosini. Mmoja anakanyaga breki ili gurudumu lisizunguke, mwingine analegeza bolti, anatoa ya meno kumi na tatu, anaingiza ya kumi na tano, kisha wanavuta gurudumu la nyuma pamoja kupima ulegevu wa cheni. Siku za mwanzo maneno yalikuwa mawili tu: "shika" na "kaza". Mama yao alikaa mlangoni akichambua mboga, akiwatazama kama askari wa zamu.

Hasira haikuwatoka. Mama Maji bado kila akipita pale mtaroni alimtukana mdogo wake kimoyomoyo, na Mwendo bado hakulipita lori bila kumkumbuka dada yake kwa ubaya. Lakini mchana mmoja, baada ya kukaza, Mama Maji hakusimama. Alibaki amechuchumaa, macho kwenye cheni.

"Lile basi," akasema. "Lilikuwa karibu kiasi gani?"

Mwendo akavaa kofia yake ngumu taratibu. "Nilimwona dereva. Alikuwa amefumba macho."

Mama Maji akashusha pumzi. Akamsogezea pikipiki, akamshikilia usukani mpaka alipopanda.

"Nenda," akasema kwa ukali. "Na usichelewe, mlima una watu wanangoja maji ya jioni, nimewaahidi."

"Jioni ni yangu!"

"Ndiyo maana nakuambia usichelewe."