Nyoka wa Shaba wa Mlabani

Nyuma ya nyumba yao, pale mtaa wa Mlabani, Tadei alikuwa na tanuri la kuyeyushia chuma na kusubia sufuria. Mdogo wake Dativa ndiye aliyemchambulia vyuma chakavu. Asubuhi alikaanga vitumbua barazani, mchana akakaa karibu na tanuri akitenga alumini huku, shaba kule. Dativa alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kila jioni alimeza vidonge alivyopewa hospitali, na kwa vidonge hivyo aliweza kukaa muda mrefu bila kuanguka.

Wote wawili walisali Huduma ya Jangwani, kanisa la mabati lililo mtaa wa pili. Siku moja kiongozi wake, Nabii Bryson, aliingia uani kwao akiwa na Biblia kwapani.

"Bwana asifiwe, fundi. Nataka nyoka wa shaba, wa kuzungushwa kwenye nguzo, kama yule aliyeinuliwa na Musa jangwani. Walioumwa na nyoka walimtazama wakapona. Na hapa bondeni watu wameumwa na mengi."

Tadei alikuwa hajawahi kusubu nyoka. Alichonga mmoja wa mti, akamgandamiza kwenye udongo wa kalibu, ukabaki na umbo lake. Dativa alikusanya koki mbovu za maji, vitasa vya milango na makufuli yaliyopoteza funguo. Akavunjavunja, akatumbukiza kwenye chungu cha moto, akaengua taka zilizoelea juu, Tadei akaimimina shaba kwenye kalibu. Nyoka alipotoka kwenye udongo, Tadei alimsugua mchana kutwa mpaka akang'aa. Wakamtoa sadaka, na Dativa alijivuna kama aliyejenga hekalu.

Jumapili ile Nabii Bryson alihubiri juu ya madini ya Maandiko. "Dhahabu ni utukufu wa Mungu," alisema. "Ndiyo maana Sanduku la Agano lilifunikwa dhahabu ndani na nje. Fedha ni ukombozi. Na shaba? Madhabahu ya kuteketezea sadaka ilifunikwa shaba, kwa sababu shaba ni hukumu. Huyu mnayemwona ni hukumu ya Mungu juu ya magonjwa yenu!"

Kanisa zima likasimama. Kisha akashusha sauti.

"Lakini anayemgusa huku ana vidonge mfukoni, huyo ana miungu wawili."

Dativa alimgusa nyoka kwa mikono miwili. Jioni ile alivimwaga vidonge vyake chooni. Tadei alipomuuliza, alijibu, "Kaka, nimechoka kuitwa mgonjwa."

Wiki zilizofuata hakuanguka. Nabii alimsimamisha mbele kila Jumapili atoe ushuhuda, na watu wakaanza kuja kutoka kijiji cha Mbingu, wengine mpaka kutoka Mlimba kwa treni. Rafiki yake Dativa, Marsiana, aliyekuwa mhudumu wa kanisa, alimvika kitenge kipya na kumlilia kwa furaha. Marsiana mwenyewe alikuwa na shinikizo la damu, naye akaacha dawa.

Kisha asubuhi moja, akigeuza vitumbua, Dativa alianguka. Karai la mafuta lilimmwagikia mkono wa kulia na shingo. Tadei alimkuta chini akitetemeka, mafuta yakiwa bado yanachemka kwenye kanga yake.

Nabii Bryson alikuja kumwona wodini. Hakuketi.

"Pole, binti yangu. Unajua kilichotokea? Ulimgusa nyoka kwa moyo nusu."

Dativa aliinua kichwa kidogo. Kuongea kulimuuma, ngozi ya shingo ilikuwa ikivuta.

"Nilimgusa kwa mikono miwili, Nabii. Vidonge nilivimwaga mwenyewe. Ulitaka moyo gani zaidi?"

"Usiwaambie wengine. Utawavunja imani."

"Marsiana ameacha dawa ya presha kwa sababu yangu. Nimwache afe ili imani isivunjike?"

Nabii aliombea wodi nzima kwa sauti kubwa, kisha akaondoka.

Dativa alimwomba Tadei amletee Biblia ya marehemu mama yao. Alisoma akiwa amelala ubavu, siku baada ya siku. Alisoma pale Haruni alipowaambia watu wavue pete za masikioni, dhahabu yao ikawa ndama, wakamwinamia. Akasoma mbele kidogo, dhahabu ya watu walewale ikatumika kupamba hema la Mungu. Alilitafakari jambo hilo. Kumbe dhahabu haikuwa na utukufu wake yenyewe. Ilikuwa inakwenda inakopelekwa. Halafu, kwenye habari za wafalme, akamkuta Hezekia. Akamwita Tadei.

"Kaka, unajua yule nyoka wa Musa aliishia wapi? Watu walianza kumfukizia uvumba. Mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande."

"Yule yule aliyeponya watu?"

"Yule yule. Sasa na mimi nataka nyundo yako."

Tadei aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. "Dati, watakuita mwenye pepo."

"Wameshaniita hivyo tangu niko darasa la tatu. Jina hilo nimelizoea. Kudanganya watu ndiko sijakuzoea."

Jumapili aliyorudi kanisani, bandeji ilimfunika kuanzia kidevu mpaka vidole. Marsiana alimkimbilia mlangoni, akaona nyundo, akarudi nyuma. Dativa alipita katikati ya viti mpaka mbele. Kwaya ikanyamaza yenyewe.

"Mimi ndiye niliyesimama hapa nikasema nimepona," alisema. "Sijapona. Nilianguka kwenye mafuta ya moto. Naambiwa ni imani yangu ndogo. Nakataa! Nilimwamini huyu nyoka kuliko mtu yeyote humu ndani, na mimi ndiye niliyevunja koki na vitasa vilivyomtengeneza."

"Wahudumu, mtoeni!" Nabii alipiga kelele.

Hakuna aliyesogea. Dativa aliinua nyundo kwa mkono wa kushoto, akapiga. Nyoka alilia kama sufuria, akabonyea tu. Watu wakaguna. Ndipo Tadei, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akaja mbele akanyoosha mkono aipokee nyundo.

"Hapana," Dativa alimwambia. "Wewe shika nguzo."

Akaishika. Dativa akapiga tena na tena, machozi ya maumivu yakimtoka, mpaka nyoka akakatika shingoni. Ndani ya shaba palikuwa na vitundu vingi, na msumari wa chuma wa kitasa ambao haukuyeyuka. Akainua kipande chenye msumari kila mtu akione.

"Huyu ndiye mliyekuwa mkimlilia. Mungu yupo. Lakini humu hakuwamo."

Nabii Bryson alikuwa ametokwa na jasho. Akamnyooshea kidole. "Umegusa kitu kitakatifu. Jua halitazama ukiwa hai!"

Watu waliokuwa nyuma walianza kutoka mbio. Dativa aliiweka nyundo chini.

"Basi nitakaa nje nilisubiri hilo jua," alisema.

Akaketi kwenye ngazi ya kanisa. Habari zilienea Mlabani, watu wakaja, wengine na watoto mgongoni, wakasimama ng'ambo ya barabara kumtazama anavyokufa. Tadei aliketi pembeni yake. Mchana Marsiana alimletea uji, akarudi ng'ambo haraka. Dativa aliogopa pia. Kila kizunguzungu kilimfanya ashike ukingo wa ngazi. Angeweza kuanguka saa yoyote, na akianguka pale, Nabii angekuwa ameshinda. Lakini hakuondoka.

Jua likazama nyuma ya milima ya Udzungwa. Dativa akatoa pakiti kwenye pindo la kanga, akameza kidonge mbele ya wote, akasimama.

"Marsiana!" aliita. "Kesho twende wote hospitali."

 Kesho yake Marsiana alikuwa mlangoni kwao alfajiri, amevaa viatu vya safari.

Wapo waliompongeza Dativa na wapo walioacha kununua vitumbua vyake. Nabii Bryson alibaki. Alitangaza kwamba ibada ya nyoka ilikuwa ya msimu tu na msimu umekwisha, na wengi wakakubali maelezo hayo. Jumapili iliyofuata Dativa alirudi, akaketi kiti cha mbele. Mhudumu mmoja alimnong'oneza kwamba ametengwa.

"Nilibatizwa hapa," alisema Dativa, "na sijaondoka."

Saa ya ushuhuda alisimama bila kuitwa, akafungua kitabu cha Ayubu. Aliwasomea habari za watu wanaotoboa milima wakiwa na taa, wanaochimba fedha na dhahabu, chuma na shaba, na bado wanauliza hekima inapatikana wapi, kwa maana hailipiki kwa dhahabu yoyote.

"Dada, inatosha," alisema Nabii kutoka madhabahuni.

"Haijatosha," Dativa alijibu bila kuinua macho, akageuza ukurasa na kuendelea kusoma.