Bata wa Kipande cha Nne

Bata wetu hatuwapi chakula asubuhi. Wakishiba, hawana haja na konokono, na konokono wa Septemba hula chipukizi la mzabibu kabla halijawa hata jani. Kwa hiyo hutoka bandani na njaa, kundi zima, shingo wima kama chupa zinazotembea, na Oom Floris, mzee anayewachunga, nyuma yao na fimbo yake yenye kitambaa chekundu.

Asubuhi ile nilimwambia awapeleke kipande cha nne cha mizabibu. Ubao wa ghalani, tunapoandika zamu za bata, ulisema cha pili, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mvua ikinyesha konokono hupanda kutoka mtaroni, chini kabisa ya kipande cha nne. Nikasema nitaubadilisha ubao nikimaliza kusugua mabeseni ya maji. Sikuubadilisha.

Saa tatu hivi Mervin, nyapara mpya aliyetoka shamba moja la Paarl, alikuja kuniomba sabuni. Viganja vyake vilikuwa vya bluu. Nikamuuliza ameshika nini. Akasema ni sumu ya kuulia konokono, punje chache tu, katika mstari wa mwisho wa kipande cha nne. Antie asiwe na wasiwasi, alitazama ubao kwanza, bata hawafiki huko mpaka wiki ijayo.

"Wako huko sasa hivi," nilisema.

Aligeuka kukimbia. Nikamkamata shati.

"Tembea, mwanangu. Ukikimbia, nao watakimbia mbele yako, na mbele yako ndiko kwenye sumu."

Nikachukua ndoo ya mahindi ya jioni na kijiko cha bati, tukaenda. Goti langu la kulia halipendi mteremko, lakini siku hiyo moyo ndio uliotaka kunitangulia. Kila hatua kumi Mervin aliuliza kama sasa anaweza kukimbia. Nilisikiliza. Bata wakitafuta hupiga kelele, wakipata, hunyamaza. Kelele ilikuwa inapungua.

Oom Floris alituona tukishuka taratibu, bega kwa bega, akaegemea fimbo yake.

"Antie Sarlien, leo umemleta nyapara afundishwe kutembea?"

Nilisimama mwanzoni mwa safu za mizabibu nikagonga ndoo: mara tatu, nyamaza, mara tatu, kama ninavyogonga jua likizama. Vichwa vikainuka. Walitazamana, kana kwamba wanaulizana mchana umekwenda wapi. Kisha wa mbele akageuka, na wenzake wakamfuata, wakinipita miguuni kama maji.

Kumi na mmoja hawakugeuka. Walikuwa mstari wa mwisho, midomo chini. Mervin alilala kifudifudi kwenye tope akawadaka mmoja mmoja, nami nikawafumbua midomo kwa kidole na kuisuuza mtaroni. Wanne walikuwa na bluu chini ya ulimi. Hao tuliwaweka ndani ya kreti yenye majani makavu. Kabla ya saa sita wawili walikuwa wamekufa, miguu imenyooka. Wa tatu alitikisa kichwa bila kuacha.

Oom Floris aliuliza kosa ni la nani. Mervin akasema lake. Nikasema ubao ni wangu, na sikutaka kubishana.

Mervin akashauri kesho tuwafungie. Nikamwambia konokono hatafungiwa, na bata hukumbuka alipokatishwa kula. Kesho akiamka na njaa atataka mstari ule ule. Basi tukapiga magoti, yeye upande huu wa mizabibu na mimi ule, tukizoa sumu kwa vijiko na kopo. Punje zilikuwa zimelainika, nyingine zimekwisha kuwa tope. Tulifika mwisho wa mstari, nikanyoosha mgongo, nikatazama nyuma, nikaona moja chini ya jani. Tukaanza upya.